Rubani wa Ghuba ya Biscayne

Mji wa Miami, ulioko kusini-mashariki mwa jimbo la Florida nchini Marekani, umeipa bahari kuu ubavu na kuielekezea uso ghuba, nayo ghuba hiyo, iitwayo Biscayne, urefu wake wapata kilomita 56 na upana wake, pale ipanukapo zaidi, kilomita 13, nayo imekingwa na mlolongo wa visiwa vyembamba ambavyo kwa upande wao wa pili hupokea kishindo cha mawimbi ya Atlantiki. Ndani ya kinga hiyo maji hutulia, na kina chake ni kidogo mno, kwani sehemu nyingi ni mita mbili tatu hivi, na kando kando mtu mzima huweza kusimama na maji yakamfika kiunoni. Kwa sababu ya utulivu huo, na kwa sababu ya wingi wa wageni waujiao mji ule kwa matembezi, biashara ya kukodisha pikipiki za majini, zile tuziitazo jetiski na ambazo wengi wetu tumeziona zikivuma katika fukwe za Nyali na Kendwa, imeshamiri huko kupita kiasi, hata siku ya Jumamosi ngurumo zake huanza kusikika mapema asubuhi na hazikomi mpaka jua linapoinama.

Wenye biashara hiyo ni wa namna mbili. Wa kwanza humkabidhi mteja chombo, humwonyesha maboya yaliyo mpaka wake, kisha humwacha azunguke apendavyo hata saa yake itimie. Wa pili huwatoa wateja kwa msafara, rubani akitangulia juu ya chombo chake mwenyewe nao wakimfuata kwa safu, mmoja nyuma ya mwenziwe, kwa nafasi ya kutosha baina yao. Aghalabu bei ya namna ya pili huizidi ya kwanza, na mtu mwenye haraka huiona ziada hiyo kuwa fedha iliyotupwa, maadamu macho anayo na maji yako mbele yake. Mimi nimeiabiri ghuba ile kwa namna zote mbili, na itikadi yangu ni kuwa aendaye pasipo rubani hupata hasara mbili, moja ya usalama na nyingine ya maarifa, na kwamba hii ya pili, ijapokuwa haimvunji mtu mfupa, ni kubwa kuliko watu wanavyoikadiria.

Tuanze na usalama, ambao hauwezi kufahamika ila kwa kufahamu kwanza jinsi chombo chenyewe kilivyoundwa. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Clayton Jacobson, aliyekuwa mwendeshaji wa pikipiki za mashindano, alianza kujaribu kuunda pikipiki ya kwenda juu ya maji. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ikatoa chombo chake, Sea-Doo, mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kawasaki ya Japani ikatoa kile cha kusimamia kilichoitwa Jet Ski, jina ambalo tangu hapo watu wamelivisha kila chombo cha jinsi hiyo. Chombo hiki hakina rafadha iliyo wazi wala hakina usukani uzamao majini. Injini huizungusha rafadha iliyofichwa ndani ya bomba chini ya tumbo la chombo, nayo huyanyonya maji kutoka chini na kuyatupa kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba ulioko tezini, na msukumo wa maji hayo ndio ukipelekao chombo mbele. Mwendeshaji ageuzapo mikono aliyoishika, kinachogeuka ni mdomo ule, nao huuelekeza mkondo kushoto au kulia. Basi pasipo mkondo hapana kugeuka.

Kutokana na muundo huo huzuka hatari ambayo akili iliyofunzwa barabarani haiitarajii kabisa. Mtu aliyezoea gari au pikipiki, aonapo kizuizi mbele yake, jambo la kwanza limjialo ni kuachia mafuta. Lakini huku majini, mara aachiapo mafuta, mkondo hukatika, na mikono aliyoishika haina amri tena, ilhali chombo, chenye uzito wa kilo mia tatu na zaidi, huendelea makumi ya mita kwa kasi kilichokuwa nayo, sawasawa kuelekea kile alichotaka kukikwepa. Dawa yake ni kubaki na mafuta kidogo na kugeuka, yaani kutenda kinyume cha vile hofu imwamuruvyo. Baadhi ya vyombo vya siku hizi vimetiwa breki na ufundi wa kusaidia kugeuka, lakini si vyote vilivyo katika mikono ya wakodishaji, na mtu hawezi kuujua ukweli huu kwa kubahatisha. Ama aambiwe kabla, ama ajifunze kwa kugonga nguzo ya daraja.

Rubani aliyetuongoza sisi, kijana ambaye wazee wake walitoka visiwa vya Bahamas na kufanya maskani yao katika mtaa wa Coconut Grove, alilifundisha jambo hili pasipo pupa, chombo kikiwa kingali kimefungwa gatini. Alimwita kila mmoja wetu nyuma ya tezi, akamtaka ainame na kuugusa kwa kiganja mdomo ule, kisha akaigeuza mikono ya chombo polepole ili mtu aone na kuhisi jinsi unavyoelekea huku na huku. Alimfunga kila mmoja kamba ya kuzimia injini katika kifundo cha mkono, yake mwenyewe akaivuta ghafla mbele ya macho yetu, injini ikanyamaza papo hapo, akasema, "Ukianguka, chombo kisikukimbie wewe, wala kisimkimbilie mwenzio." Alituonyesha kibandiko kilicho tezini chenye mshale wa upande wa kukirudishia chombo kikipinduka, kwa kuwa kukirudisha kwa upande mwingine ni kuyaalika maji yaingie ndani ya injini. Alisisitiza kwamba apandaye kutoka majini apandie tezini, injini ikiwa imezimwa, na kwamba abiria wa nyuma asiketi na vazi jembamba la kuogelea peke yake, maana aangukaye chali nyuma ya mdomo ule hupigwa na mkondo wenye nguvu ya kuingia mwilini na kurarua viungo vya ndani. Wengi huona haya kulitamka jambo hili mbele ya wanawake na wanaume waliochanganyika. Yeye alilitamka kwa adabu na kwa uwazi, na hapana aliyecheka.

Sheria za Florida nazo hazikulala. Asiyetimiza miaka 14 haruhusiwi kukiendesha chombo hiki, na asiyetimiza 18 haruhusiwi kukikodi. Kila aliye juu yake sharti avae jaketi okozi, na lile la kujazwa upepo halikubaliwi. Ni marufuku kukiendesha tangu nusu saa baada ya machweo hata nusu saa kabla ya macheo. Na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baada yake hana budi kuwa na cheti cha elimu ya vyombo vya majini, au cheti cha muda kipatikanacho kwa mtihani na kudumu siku 90. Kuchenga-chenga katikati ya vyombo vilivyosongamana, na kuruka juu ya wimbi la chombo kingine kwa karibu mno, huhesabiwa kuwa kosa. Fauka ya hayo, mwaka 2022 sheria mpya ya jimbo iliwafunga wakodishaji wa vyombo vya majini kuchukua kibali cha serikali na kumfundisha mteja kabla hajaondoka ufukweni. Sheria ni njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria haiwezi kuinama na mtu nyuma ya tezi. Mahali pengine katika ghuba ile ile, ambapo sipataji kwa jina, niliyaona mafunzo hayo yakimalizika kwa muda wa kutia sahihi, karatasi ikisomwa na mtu ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuhamia kwa mteja afuataye, na waliopewa vyombo baada ya hapo walikuwa baba na binti yake mdogo ambao, kwa nilivyowasikia wakiulizana, hawakujua kamba ya mkononi ilikuwa ya kazi gani.

Tuliondokea Virginia Key, kisiwa kilichounganishwa na mji kwa barabara ya Rickenbacker, karibu na lile jukwaa la zege lililojengwa mwaka 1963 kwa ajili ya watazamaji wa mashindano ya mashua. Mchoraji wake, Hilario Candela, mzaliwa wa Cuba, alikuwa hajatimiza miaka 30 alipolibuni, na paa lake lililokunjwa mikunjo mikunjo limejitokeza mbele juu ya maji kwa ushujaa ambao hata leo humfanya mtu anyamaze alitazame. Lilifungwa baada ya tufani ya Andrew ya mwaka 1992, na kuta zake zimeenea michoro ya rangi iliyotiwa na vijana wa mjini. Hapo, katika maji yaliyokingika, rubani alituzungusha kwanza kwa mwendo wa pole, akitufanyia mtihani wa ishara: mkono ulioinuliwa na ngumi iliyofumbwa, simameni, kiganja kikishuka chini chini, punguzeni, kidole kikizungushwa hewani, nifuateni. Hakumwacha mtu yeyote atoke hapo mpaka alipomwona akigeuka kwa usahihi bila ya kuachia mafuta.

Kutoka hapo njia huelekea kaskazini, chini ya madaraja, kando ya bandari ambamo meli za matembezi zenye ghorofa nyingi hulala zikipakia wasafiri, nazo ni haramu kuzikaribia. Mbele yake viko visiwa vya Star, Palm na Hibiscus, ambavyo wageni wengi huvitamani kwa ajili ya majumba ya matajiri. Marubani nao huyataja majina ya wenye majumba hayo kana kwamba ndiyo elimu ya ghuba. Inatosha kusema kwamba Al Capone, yule jambazi mashuhuri, alifia Palm mwaka 1947. Lililo kubwa zaidi ni kwamba visiwa hivyo havikuumbwa na bahari. Vilifanyizwa na watu kwa mchanga na tope lililochotwa chini ya ghuba yenyewe, Star kikiwa kimekamilika mwaka 1922, kama vile mfereji wa kupitishia meli, uliokatwa mwaka 1905, ulivyoitenga ncha ya kusini ya ukanda ule mwembamba unaoikinga ghuba na kuigeuza kisiwa kiitwacho sasa Fisher. Kila kipande cha ardhi ile chenye bustani na gati la mashua kimetolewa mahali palipokuwa na nyasi za bahari, na mtu akijua hivyo huyatazama majumba yale kwa jicho jingine. Mwaka 1983 wasanii Christo na Jeanne-Claude walivizungushia visiwa 11 vya ghuba hii kitambaa cha rangi ya waridi kilichoelea juu ya maji kwa muda wa wiki mbili. Wako wazee wa Miami ambao mpaka leo huhesabu miaka yao kwa tukio lile.

Kilichonigusa mimi zaidi ni habari ambayo rubani wetu alitueleza tuliporudi kusini na kuzima injini mkabala wa ufuko wa Virginia Key. Miami ilipotangazwa kuwa mji mwaka 1896, zaidi ya theluthi moja ya wanaume waliopiga kura ya kuuanzisha walikuwa weusi, wengi wao vibarua wa reli na watu wa asili ya Bahamas waliojua kujenga kwa mawe ya matumbawe. Lakini mji ulipokwisha kusimama, watu hao hao walikatazwa kuoga katika fukwe zake. Tarehe 9 Mei 1945 kundi dogo la watu weusi, wakili Lawson Thomas akiwa pamoja nao, liliingia majini kwa makusudi katika ufuko wa Haulover uliotengwa kwa weupe, likitaraji kukamatwa ili shauri lifike mahakamani. Hawakukamatwa. Wakuu wa wilaya, kwa kuichelea kesi, walikubali kuwapa watu weusi ufuko wao, nao ni huu wa Virginia Key, uliofunguliwa tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, wakati daraja lilikuwa bado, kwani barabara ya Rickenbacker ilifunguliwa mwaka 1947. Walivuka kwa mashua. Bibi yake rubani alikuwa miongoni mwa waliovuka, akiwa mtoto, na kijana alisema kuwa kila apitishapo wageni hapo huwasimamisha, hata wakiwa wachache, hata wakinung'unika kwamba saa yao inakwisha.

Kusini zaidi, kwa mbali, kulionekana mnara wa taa wa Cape Florida, uliokamilika mwaka 1825. Kabla ya mnara huo kusimama, Marekani ilipoitwaa Florida mikononi mwa Uhispania mwaka 1821, watumwa waliotoroka mashamba pamoja na weusi waliokuwa wakiishi na kabila la Waseminole walikuwa wakikusanyika katika rasi ile, wakisubiri mashua za Bahamas au wakijitoma wenyewe kwa mitumbwi katika mkondo mkali wa bahari, ili wafike kisiwa cha Andros kilichokuwa chini ya Waingereza. Wako waliofika, na kizazi chao kingali katika kijiji cha Red Bays. Msomaji wa Bagamoyo au wa Unguja, ambaye pwani yake ina kumbukumbu ya vyombo vilivyowachukua watu utumwani, atatambua kwa wepesi uzito wa pwani iliyowapokea watu wakiutoka utumwa kwa miguu yao. Nikiwa peke yangu, safari ya kwanza, nilikwisha kupita mkabala wa mnara ule kwa mwendo wa kasi na kuuona kuwa mnara tu.

Ndipo tulipokutana na nguva. Hawa wa Florida ni jamaa wa karibu wa wale waliokuwa wengi zamani katika maji ya Lamu na ya Rufiji na ambao sasa ni adimu mno, ila mkia wa hawa wa Florida ni wa mviringo, ilhali wa kwetu umegawanyika pande mbili. Nguva mzima hufikia uzito wa kilo mia nne na hamsini na zaidi, hula nyasi muda mwingi wa siku, huenda pole, na kila baada ya dakika chache hana budi kutoa pua juu apumue. Rubani aliinua ngumi kabla sisi hatujaona kitu. Kisha palitokea juu ya maji matundu mawili yaliyojifunga na kujifungua, na nyuma yake mgongo wa kijivu ulioota ukungu wa mwani, wenye makovu meupe manne yaliyopangana kwa ulinganifu usio wa kawaida. Makovu hayo ni ya rafadha. Mnyama yule huyatumia maji yale yale mafupi ambayo vyombo huyakimbilia, na katika kasi kubwa mwendeshaji haoni pua iliyotokeza kwa kiasi cha kiganja, wala nguva hana wepesi wa kuzama kwa wakati. Jetiski, kwa kuwa rafadha yake imefichwa, haikati kama mashua, lakini pigo la tumbo lake kwa mwendo wa kasi huweza kumvunja mbavu na kumuua. Ndiyo sababu sehemu kubwa za ghuba zimewekewa vibao vya mwendo wa pole, ambavyo mgeni aliye peke yake huviona kuwa ni kero iliyowekwa kumpunguzia starehe.

Nyasi alazo nguva ndizo roho ya ghuba hii, na hali yake si njema. Maji machafu ya vyoo vya mashimo, mbolea za bustani na mafuriko ya mvua kutoka mitaani yamekuwa yakiirutubisha ghuba kupita kiasi, vijimea vikasitawi, nuru ikazuiliwa, nyasi zikafa. Na mwezi Agosti 2020, maji yalipopata joto na hewa ndani yake ikapungua, maelfu ya samaki walielea wakiwa wamekufa upande wa kaskazini. Mwaka uliofuata wilaya iliharimisha kutia mbolea bustanini katika miezi ya mvua. Pikipiki ya majini si chanzo cha balaa hili, na ni dhuluma kuitwisha yote. Lakini ipitapo katika maji ya magoti huvuruga mchanga, huzing'oa nyasi changa, na nyasi zikinyonywa ndani ya bomba hulizuia maji, injini ikapata moto na msafiri akabaki akiipiga makasia kwa mikono. Rubani alituweka daima katika maji ya buluu iliyoiva, mbali na yale ya kahawia yanayoonyesha kuwa nyasi ziko karibu.

Sehemu ya kusini ya ghuba imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Biscayne, iliyoanza kulindwa mwaka 1968 na kupewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1980, ambayo asilimia 95 ya eneo lake ni maji, na humo pikipiki za majini ni marufuku kabisa. Wageni hulalamika, hasa kwa kuwa zile nyumba sita za Stiltsville, zilizosimama juu ya nguzo katikati ya maji, zimo ndani ya mpaka huo. Mimi naiona marufuku hiyo kuwa ya haki, na ningependa kuona hifadhi zetu za bahari, kutoka Watamu mpaka Mafia, zikiisimamia ya kwao kwa ukali huo huo. Nyumba zile zaweza kuzuriwa kwa mashua, na pomboo na nguva wamebakiwa na sehemu ndogo tu isiyo na ngurumo.

Atakayekwenda huko, naye ana nafasi ya kuchagua wakati, aende kati ya Desemba na Machi, ambapo nguva huingia katika maji yenye joto na upepo wa alasiri hauna radi. Akienda kati ya Juni na Septemba, atoke saa tatu ya asubuhi, kwa kuwa tangu saa nane mchana mawingu ya ngurumo hukusanyika juu ya nchi kavu na kuijia ghuba kwa ghafla, na mtu aliye juu ya chombo kilicho wazi, kichwa chake kikiwa kirefu kuliko kila kitu kilicho karibu, yumo katika hatari ya umeme. Avae suruali fupi ya mpira ya waogeleaji, shati la mikono mirefu na miwani yenye kamba. Kabla ya kulipa amwulize rubani maswali mawili: iwapo atafundishwa kugeuka kabla ya kuondoka gatini, na iwapo msafara utasimama Virginia Key. Akijibiwa kwa kuonyeshwa saa ya ukutani, aende kwa jirani.